Jivu la kumvi kwenye sakafu ya mama

Sakafu ya kwanza niliyommwagia mama pale Makunduchi, Unguja, haikumaliza masika mawili. Ukifagia, unaifagia na yenyewe. Nilitumia kokoto za jiwe la maweni, yaani la matumbawe, zile zinazogongwa na kina mama kwa nyundo, na kosa lilikuwa langu: zilikuwa kavu, zimeshinda juani, nami nikakoroga 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) kama nazoea kwa kokoto ngumu za bara.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Baadaye nilipima kwa mizani ya dukani: kilo 10 kavu, zikalala ndani ya maji usiku kucha, zikatoka kilo 10 na robo tatu. Maji hayo ndiyo niliyoinyima saruji. Na nilipoona zege gumu nikaongeza ndoo, nikazidi kuharibu.

Mara ya pili niliamua kutia jivu la kumvi za mpunga. Saruji inaposhika huacha chokaa ndani yake isiyosaidia nguvu. Silika ya jivu laini, madini yale yaliyomo pia kwenye mchanga, huishika chokaa ile, ikawa gundi nyingine inayojaza nafasi pale saruji inapokutana na jiwe. Warumi walifanya hivyo kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, Italia, na neno pozolana, yaani unga unaoshika chokaa hivyo, limetoka huko.

Kumvi nilizipata upande wa Cheju, kwenye mashine ya kukoboa, bure. Kilo 100 hutoa jivu kama kilo 20 tu, basi jiandae kubeba magunia. Nilichoma kwenye pipa lililotobolewa. Pipa la kwanza nililipepea, moto ukawa mkali, jivu likatoka jeupe lenye wekundu kidogo: joto limezidi, silika imegeuka fuwele, haina kazi tena. La pili nililiziba mno, likatoka jeusi tii, na weusi ule ni kaboni inayokunywa maji. La tatu nikaliacha lifuke lenyewe, likaja la kijivu. Nikalisaga kwa kulibingirisha uani ndani ya pipa jingine lenye vipande vya nondo, kisha nikalichekecha. Mama alikitafuta kitambaa chake cha tui siku mbili.

Ami yangu akapita, akachungulia karai. "Majivu, mwanangu? Hayo si ya kusugulia masufuria?"

"Ndiyo hayo hayo, ami."

Akaondoka anacheka.

Kabla ya kuchanganya, soma mfuko wa saruji. Ukiona CEM IV, au CEM II yenye herufi P, kiwandani wameshatia pozolana, usiongeze kwa kubahatisha. Nilitafuta CEM I, isiyotiwa pozolana, nikaweka kilo 42.5 za saruji na kilo 7.5 za jivu. Pima kwa uzito. Jivu ni jepesi, ukipima kwa ndoo umepotea.

Kokoto niliziosha kwa maji ya kisima mara tatu, na kila mara nililamba jiwe moja. Likiwa na chumvi, narudia. Nikaziloweka usiku, asubuhi nikazichuja mpaka zikaacha kudondosha. Zege lilitoka zito, linang'ang'ania sepetu. Mkono uliniwasha kuongeza maji, lakini badala yake nikalishindilia kwa ubao.

Wiki ya kwanza nilikata tamaa: ukikwaruza kwa msumari, unaacha alama. Jivu hukawia. Nikaendelea kumwagilia na kufunika kwa magunia siku 21, si zile saba za mazoea, na wiki ya nne msumari ukawa unateleza.

Nguzo na mkanda sikuthubutu kumwaga kwa kokoto hizi, japo fundi mmoja alinishawishi. Jivu hufanya zege lisipenyeke kirahisi, lakini haliondoi chumvi iliyokwisha kuingia ndani ya jiwe, na chumvi ikiifikia nondo, kutu huvimba na kulipasua zege. Hapo nililipa kokoto za bara, na nauli ya kuvushwa ikaniuma.

Jivu liliniishia kabla ya kona ya karibu na kisima. Nikaimalizia kwa saruji tupu, kokoto zilizolowekwa vile vile, na kumwagilia vile vile. Sasa ni masika ya tatu. Kwingine ufagio unatoka na majani ya mwembe tu. Kwenye kona ile mama bado anakusanya vumbi jeupe, na kila nikienda ananionyesha.