Filamu ya akiolojia yenye tuzo huanzia shimoni

Matamasha yanayotoa tuzo kwa filamu za makala kuhusu akiolojia na urithi wa utamaduni si mengi duniani. Ukifuatilia filamu zinazoshinda humo, utaona zinafanana katika jambo moja: zinamwonyesha mtazamaji jinsi jambo lilivyojulikana. Zikisema ukuta ni wa karne fulani, unaona pia tabaka la udongo ulikosimama, kigae cha chungu kilichotoka chini yake, sampuli ikienda maabara, na mtafiti akisitasita kabla ya kutaja tarehe. Mfuatano huo haupatikani kwenye meza ya uhariri. Uchimbaji huharibu kile unachokichunguza. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kama kamera haikuwepo udongo ulipobadilika rangi, basi.

Kabla ya kupiga picha hata moja, ujue unakopeleka kazi yako. Rovereto, kaskazini mwa Italia, ina tamasha lililoanza mwaka 1990 chini ya makumbusho ya mji huo, na siku hizi linaitwa RAM film festival. Tuzo yake ya Paolo Orsi imepewa jina la mwanaakiolojia aliyezaliwa hapo mwaka 1859 na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake akichimba Sicily. Huko Florence kuna Firenze Archeofilm, ambapo kura za watazamaji zina uzito mkubwa. Eugene, jimboni Oregon nchini Marekani, tamasha la The Archaeology Channel limekuwepo tangu 2003. Huko majaji hutoa tuzo ya filamu bora pamoja na tuzo za vipengele kama usimulizi, skripti, upigaji picha, muziki, uhuishaji na manufaa ya filamu katika kuelimisha umma, nao watazamaji huchagua filamu yao. Bordeaux ina Icronos, Athens ina Agon, na Irun, kwenye mpaka wa Hispania na Ufaransa, ina FICAB.

Tofauti kati ya tuzo ya majaji na tuzo ya watazamaji si ndogo. Jopo la majaji kwa kawaida huchanganya wanaakiolojia na watu wa filamu. Mwanaakiolojia atavumilia dakika nne za mtu akipanga vigae mezani, mradi aone mantiki ya upangaji. Ukumbi wa watu wa kawaida utazivumilia pia, lakini kwanza lazima umpende huyo mtu na ujue anatafuta nini. Kama filamu yako ni ya subira na ya maabara, tafuta tamasha lenye tuzo za vipengele, maana inaweza kukosa tuzo kuu na bado ikapata ya skripti au ya elimu.

Sasa turudi shimoni, maana huko ndiko mchezo unakochezwa. Pita na kamera asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Mwanga unaopita kwa mlazo huinua kila mkwaruzo: alama za patasi kwenye jiwe, maandishi yaliyofutika, shimo la nguzo lililojaa udongo wenye rangi karibu sawa na ule unaolizunguka. Saa sita mchana vyote hivyo hupotea. Ukuta wa shimo ukikauka, matabaka nayo hufifia. Wachimbaji hupuliza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia ili rangi zitokeze wanapochora au kupiga picha zao. Muulize msimamizi wa eneo ni lini watafanya hivyo, uwe tayari. Usinyunyize wewe, kwani maji yakifika pasipofaa yanaweza kuharibu sampuli.

Chagua sehemu moja ya kusimamisha kamera, itie alama ya kigingi nje ya mipaka ya uchimbaji, na kila siku piga kutoka hapo hapo kwa lenzi ile ile na kimo kile kile. Baada ya wiki chache utakuwa na mfululizo unaoonyesha shimo likishuka, na hakuna uhuishaji unaoweza kuushinda kwa ushahidi. Kila kilichofichuliwa kipige mara mbili: kikiwa na kipimo cha sentimita na mshale wa kaskazini, kisha bila hivyo. Picha yenye kipimo ndiyo jaji mwanaakiolojia atakayoiamini.

Sauti watu huisahau kabisa. Mwiko ukikwangua udongo laini una mlio mmoja. Ukigusa chokaa au jiwe mlio hubadilika, na mchimbaji huinua kichwa kabla hajaona chochote. Ukiwa na maikrofoni karibu na mkono wake, mtazamaji atasikia ugunduzi kabla ya kuuona. Huo ni utajiri usio na gharama. Weka maikrofoni kwenye ukosi wa mchimbaji tangu asubuhi, na uanze kurekodi kabla ya kitu kutokea, kwa sababu mtu akiombwa arudie mshangao wake atauigiza, na uigizaji huo unaonekana hadi kiti cha mwisho ukumbini. Swali la kumuuliza pale pale ni "Unaona nini?" Ukimuuliza amegundua nini, atakupa hotuba.

Penye michoro ya mapangoni au vitu dhaifu, taa zako ni hatari. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1940, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni, joto na mwanga vilikuwa vimeanza kuharibu kuta zake. Makumbusho mengi huweka kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa nguo, karatasi na rangi za maji. Nenda na kipima mwanga, tumia taa za LED zisizotoa joto kuelekea mbele, na zizime kila mnapozungumza. Mhifadhi akiona unafanya hivyo bila kuambiwa, ataelekea kukuruhusu ukaribie zaidi.

Kosa linaloudhi majaji kuliko yote ni la tarehe, na mara nyingi huzaliwa kwenye tafsiri. Maabara za radiokaboni, yaani zinazopima umri wa mabaki ya viumbe kwa kaboni iliyobaki ndani yake, hutoa umri kwa miaka "BP" (Before Present, kabla ya sasa), inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950. Mfasiri wa manukuu akiona 5000 BP, akaandika 5000 KK, ameongeza takriban miaka 1950 kwa herufi mbili tu. Kama tarehe imeshasawazishwa, yaani imegeuzwa kuwa miaka ya kalenda, 5000 BP ni kama mwaka 3050 KK. Kama haijasawazishwa, haifai kutamkwa kwenye filamu hata kidogo, kwa kuwa mtazamaji ataichukua kama mwaka wa kalenda. Tena, jibu la maabara ni kipindi chenye uwezekano fulani, mathalani asilimia 95. Msimulizi aseme "kati ya mwaka fulani na fulani". Filamu haidhoofiki kwa hilo, na mtafiti wako hataona haya mbele ya wenzake siku ya onyesho.

Michoro ya kompyuta inayojenga upya hekalu au mji ina kanuni zake. Mkataba wa London, mwongozo wa kuonyesha urithi kwa kompyuta, ambao toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 2009, unataka mtazamaji aweze kutofautisha kilichothibitishwa na kilichokisiwa, na watengenezaji waandike sababu za kila uamuzi. Kwenye filamu hilo hufanyika kirahisi: anza na picha halisi ya msingi wa jengo, ukuta uliothibitishwa uinuke kwa rangi kamili, na sehemu ya kukisia ije kwa rangi hafifu au mistari mitupu. Sekunde tatu zinatosha. Ukiupaka mji mzima rangi moja inayong'aa, jaji atajiuliza paa umelipata wapi, na hataacha kujiuliza hadi filamu iishe. Picha zilizotengenezwa kwa akili unde zitajwe waziwazi kwenye skrini na kwenye fomu ya maombi. Soma masharti ya kila tamasha, kwa sababu yanabadilika.

Upande wa maadili ndio unaotenganisha filamu nzuri na filamu inayostahili heshima. Mabaki ya binadamu yana miongozo ya World Archaeological Congress, shirika la kimataifa la wanaakiolojia: makubaliano ya Vermillion ya mwaka 1989, na yale ya Tamaki Makau-rau ya 2006 ambayo yanahesabu kuonyesha kwa njia yoyote ya habari kuwa ni maonyesho, na kwa hiyo yanataka ridhaa ya jamii husika iombwe kwanza. Ridhaa ya mkurugenzi wa uchimbaji haitoshi. Kwa ngoma, ufundi na matambiko, Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unaweka jamii yenyewe katikati. Nenda kwao ukiwa na filamu ambayo bado inaweza kubadilishwa, waonyeshe, na wakisema kipande fulani si cha macho ya wageni, kiondoe. Vitu vya kale visivyo na karatasi za asili pia vina mtego wake: mwaka 1970, ulipopitishwa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya vitu hivyo, ndio mstari ambao wanaakiolojia wengi huutumia. Kinyago kizuri kutoka mkusanyiko wa mtu binafsi, kisichojulikana kilitoka wapi, kinaweza kuizamisha filamu yote mbele ya jopo.

Picha za droni nazo huvujisha taarifa. Faili asilia hubeba longitudo na latitudo, na mlima unaotambulika nyuma ya shimo humwelekeza mwizi wa makaburi vizuri kuliko ramani. Futa data hizo kwenye kila nakala unayotuma, kata upeo wa macho kwenye picha za maeneo yasiyo na ulinzi, na mwulize msimamizi wa eneo kabla ya kuweka hata trela mtandaoni.

Urefu wa filamu uamue mapema. Dakika 52 ni kipimo cha televisheni kwa nafasi ya saa moja, na matamasha haya yamezizoea. Mpaka wa filamu fupi hutofautiana kati ya tamasha na tamasha. Kwa Oscar ni hadi dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo. Filamu ya dakika 44 iko pabaya: ndefu mno kwa fungu moja, fupi kwa jingine. Angalia pia mwaka wa kukamilika, kwa kuwa mengi hukubali filamu za miaka miwili au mitatu ya karibuni tu. Matamasha makubwa ya jumla ndiyo yanayodai filamu ionyeshwe kwao kwanza, kwa hiyo anza na hayo, kisha uje kwenye ya akiolojia. Ukiiweka filamu mtandaoni bure kabla ya hapo, umejifungia mlango mwenyewe.

Maombi mengi hupitia FilmFreeway au Festhome, tovuti za kutumia filamu kwenye matamasha. Kiungo cha kutazamia kiwe na nenosiri lisilobadilika hadi majibu yatoke. Filamu nyingine huachwa bila kutazamwa kwa sababu tu kiungo kimekufa. Manukuu yawe na mistari isiyozidi miwili, herufi 42 hivi kwa mstari, na mwanaakiolojia anayeijua lugha hiyo ayasome kabla ya kutuma. Muziki na picha za kumbukumbu zisiwe na leseni ya matamasha pekee ikiwa unatarajia kuuza kwa televisheni baada ya kushinda, kwa sababu mwenye hakimiliki akishasikia habari za tuzo, bei haitakuwa ile ya mwanzo.

Ukichaguliwa utaombwa DCP, kifurushi cha faili za kuonyeshea ukumbini. Hapa mambo huharibika kwa namna zinazojirudia. Filamu iliyopigwa kwa fremu 25 kwa sekunde ikilazimishwa kwenye 24 bila kurekebishwa, dakika 52 huwa 54 na sekunde 10, na sauti za watu huwa nzito. Aina ya DCP iitwayo SMPTE inakubali fremu 25, basi omba hiyo kama ukumbi unaiweza. Picha ya 1920 kwa 1080 ikiwekwa ndani ya fremu ya Flat, umbo mojawapo la picha ya sinema, ya 1998 kwa 1080 huacha pikseli 39 nyeusi kila upande. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, usiivute kujaza, maana kuvuta hukata juu na chini, na kipimo chako cha sentimita kinaweza kuwa hapo hapo. Weusi ukionekana wa kijivu, mara nyingi viwango vya rangi vya video havikubadilishwa ipasavyo. Diski kuu iwe na mfumo wa faili wa ext2 au ext3, kwa kuwa seva za sinema hutumia Linux na baadhi hazisomi exFAT. Ijaribu kwenye ukumbi wowote wa sinema kabla ya kuituma, hata dakika tano tu, kwa kusikiliza mwanzo na kutazama ukurasa mmoja wa manukuu.

Tuzo ikija au isipokuja, picha ghafi zina thamani kubwa kuliko filamu yenyewe, kwa sababu ni rekodi ya kitu ambacho hakipo tena. Wapelekee wachimbaji nakala kamili kwa ajili ya hifadhi ya eneo lao, pamoja na orodha yenye namba ya faili, tarehe, namba ya shimo na namba ya tabaka kama ilivyo kwenye daftari lao. Ijaze orodha hiyo kila jioni mkiwa bado kambini, msimamizi wa shimo akiwa karibu kukutajia namba.