Kompyuta inazimwa kila siku lakini bado nzito: jinsi nilivyotatua

Kompyuta ya nyumbani, yenye Windows, ilikuwa nzito kupindukia. Kivinjari kinaganda, sauti inakatikakatika, na kila usiku naizima kama kawaida. Nikafuta mafaili ya muda, nikaondoa programu zisizo na kazi, nikasaka virusi. Wapi!

Jibu lilikuwa kwenye namba moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, fungua sehemu ya utendaji ("Performance"), chagua CPU, yaani kichakataji. Chini pameandikwa "Up time", yaani muda tangu mfumo uanze upya. Yangu ilihesabu wiki kadhaa, na usiku wa jana yake nilikuwa nimeizima!

Tangu Windows 8 kuna uwashaji wa haraka, na mara nyingi huwa umewezeshwa tayari. Ukibofya "Shut down", kiini cha mfumo na madreva (programu zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kwenye diski, kisha hurudishwa vilevile, pamoja na hitilafu zake. "Restart" ndiyo huanza upya kabisa. Nikaibofya, namba ikarudi sifuri, mashine ikawa nyepesi.

Sasa nafanya hivyo mara moja kwa wiki, na kila baada ya masasisho. Kila siku? Sioni haja. Anayetaka "Shut down" izime kweli, ashikilie Shift anapoibofya.