Kubadilisha diski ya DVR (mashine ya kurekodi kamera za ulinzi) ya nyumbani, Nkuhungu, Dodoma

Ijumaa jioni

Kamera zote nne zinaonekana kwenye TV bila shida, ila DVR haihifadhi. Imejulikana leo kwa sababu bajaji imegonga geti la jirani, na mzee mwenyewe akaja kuomba aoneshwe. Nikafungua rekodi za mchana. Ule mstari wa saa, ambao huwa na rangi mwanzo hadi mwisho, umetobokatoboka kama kanga iliyoliwa na mende. Kipande cha bajaji kipo, lakini kila nikikicheza kinaganda bajaji ikiwa bado barabarani.

Hii ndiyo tabia ya mashine hizi ambayo wengi hawaijui: picha ya moja kwa moja haitegemei diski. Inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye bodi, inakwenda kwenye TV. Diski inaweza kuwa maiti na sebuleni kila mtu akaendelea kuliona geti vizuri. Ukitaka kujua kama DVR yako ni nzima, usitazame geti. Rudi nyuma hadi juzi saa nane usiku uone kama kuna kitu.

Mama anasema imekuwa ikilia "ti, ti, ti" usiku. Akadhani ni LUKU inalilia uniti, akawa ananunua umeme.

Jumamosi

Sijagusa skrubu kwanza. DVR ndogo kama hii hulishwa na adapta ya volti 12, na diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache. Adapta ikichoka, diski inaanza, inakosa nguvu, inajizima, inaanza tena. Mlio unaotoka, tak, tak, ni uleule wa diski mbovu. Ndiyo maana mtu anauziwa diski mpya, na baada ya muda ugonjwa unarudi palepale.

Multimita, kipimo cha umeme, imesoma volti 12.1 mashine ikiwa imetulia. Diski ilipoamka zikashuka chini ya 11. Adapta yenyewe imeandikwa ampea 2, na kamera zina umeme wao, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia. Nimeweka ya ampea 5. Ampea zikizidi hazidhuru, kifaa huvuta kinachohitaji tu. Volti ndizo zisibadilike. Kugonga kwa diski kumeisha hapohapo. Mapengo hayajaisha. Basi kumbe ni adapta na diski, wote wawili.

Kufungua ni kazi ya dakika chache: skrubu za kifuniko, kisha skrubu nne chini ya boksi zinazoishika diski, waya wa data, waya wa umeme. Kazi kubwa ilikuwa vumbi. Kiangazi cha Dodoma na upepo wake kimejaza kila tundu, na feni ndogo ilikuwa inazunguka kwa hisani tu. Brashi ya rangi, kavu, imetosha.

Jioni nimeiunganisha diski na laptopu kwa doki ya USB. Windows ikaiona ikauliza kama iifomati. Hapo ni kukataa, tena bila kusitasita. DVR hupanga diski kwa mtindo wake ambao Windows haiuelewi, na ukikubali unaongeza tatizo juu ya tatizo. Nimehamia Linux, nikaendesha smartctl, programu inayosoma kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia. Tarakimu nilizozitazama:

Namba 9, saa za kuwaka: zaidi ya 41,000. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni miaka minne na nusu na ushee bila kupumzika.
Namba 5, sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa: 8.
Namba 197, sekta zinazosubiri hukumu: 312.
Namba 194, joto: rekodi ya juu nyuzi 58. Diski nyingi za mezani hazitakiwi kupita 60.

Na kuna namba 192 ambayo watu huiruka. Inahesabu mara ambazo umeme ulikatika ghafla vichwa vya kusomea diski vikalazimika kukimbilia maegeshoni. Ya kwangu ina mamia. Mtaa wetu hauna haja ya kuandika daftari la kukatika kwa umeme, diski imeliandika.

Tofauti ya 5 na 197 ina maana yake. Zilizo kwenye 5 zimeshathibitika mbovu na nafasi zao zimechukuliwa na za akiba. Za 197 zimeshindwa kusomeka tu. Nyingine ni mbovu kweli, nyingine ziliandikwa nusu umeme ukakatika. Hukumu yake hutolewa zikiandikwa upya.

Diski mpya

Madukani mjini diski zipo, ila nyingi ni za kompyuta za kawaida. DVR huandika saa 24, kwa hiyo nilitaka ya kamera, zile za aina ya WD Purple au Seagate SkyHawk, TB 2. Sitaki diski ambazo njia zake za data zimepandiana ili kubana nafasi: ukiandika upya sehemu moja, inabidi diski iandike na za jirani, na kwa kazi ya kuandika mfululizo huo ni mzigo. Imetoka Kariakoo kwa basi, nikaipokea stendi kuu ya Nanenane, ambako ukitokea Nkuhungu unalikata jiji zima.

Kabla ya kitu chochote nimesoma namba 9. Lazima iwe sifuri au karibu nayo. Lakini wajanja hurudisha hesabu hiyo nyuma kwenye diski zilizotumika, kwa hiyo ukinunua Seagate soma pia FARM, kumbukumbu nyingine ambayo diski za Seagate hujiwekea; smartctl kuanzia toleo la 7.4 huionesha. Hesabu mbili zikipingana, rudisha mzigo.

Usiku wa kunakili

Nimeinakili diski nzima kwenda mpya kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba huanza na sehemu zinazosomeka, sehemu sugu huziacha za mwisho, na kila hatua huiandika kwenye faili la ramani. Umeme ulikatika katikati. Laptopu ikaendelea na betri yake, doki ikazima. Uliporudi, amri ileile, ramani ileile, ikaendelea ilipoishia. Bila ramani ningeanza upya.

Asubuhi zimebaki KB chache zisizosomeka. Nimeifunga nakala ndani ya DVR, ikaitambua kama TB 1, ukubwa wa ile ya zamani, na bajaji ikacheza hadi mwisho, namba ikiwa wazi. Nimetoa kipande kwenye flashi, nakala moja kwa jirani, moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana mmoja alitaka nikirushe kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na dereva ana uso.

Baada ya hapo nimefomati kwenye menyu ya DVR ili ipate TB 2 zote, nikahamisha kamera kutoka H.264 ya megabiti 4 kwa sekunde kwenda H.265 ya megabiti 2; hizo ni njia za kubana video, na H.265 hubana zaidi. Zamani kamera nne zilikula karibu GB 173 kwa siku, TB 1 ikajaa kabla ya siku sita kwisha. Sasa ni kama GB 86, na rekodi zinakaa siku 23. Sura bado zinasomeka getini.

Diski ya zamani nimeiandika sifuri mwanzo hadi mwisho, maana siuzi wala sigawi picha za watu wanaopita kwetu. Namba 197 imeshuka hadi 0, namba 5 imepanda hadi 40. Yaani nyingi zilikuwa za umeme, chache mbovu kweli. Hairudi kwenye DVR. Itabeba nakala ya pili ya vitu ambavyo nakala ya kwanza iko pengine.

Kilichobaki

Betri. DVR na kamera zote ni kama wati 35. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ina Wh (wati-saa) 84, kwa hesabu ni saa mbili na kidogo, kwa uhalisia pungufu. Natafuta chaja yake yenye kubadili chanzo cha umeme bila kukatisha, na kabla ya kununua nitaipima kwanza diski ikiwa inaamka.