Usiku niliposoma unabii wa darasa zima

Ilikuwa 2008, usiku wa mwisho wa kidato cha sita, mtihani tumemaliza mchana ule ule na kesho yake asubuhi kila mtu anashika njia yake. Mabegi yameshafungwa, magodoro yameshakunjwa huko dom, na sisi wote 38 tukajikuta tumerudi darasani saa ya prepu bila kengele kugongwa, sijui hata nani alianza, nadhani miguu tu ilikuwa imeshazoea.

Wazo tulilitoa kwa mwalimu wetu wa historia. Siku moja kipindi kinaishia akatusimulia kwamba huko Marekani, kwenye vyuo vyao vya karne ya 19, wanaomaliza walikuwa na siku yao maalumu, mmoja anasoma historia ya darasa, mwingine shairi, mwingine anasoma unabii, yaani anawatabiria wenzake nani atakuja kuwa nani, halafu unasomwa wosia ambao darasa linawarithisha wanaobaki vitu vyake, na baadaye shule za sekondari za huko nazo zikaichukua wakawa wanaichapa kabisa kwenye vitabu vyao vya picha vya kila mwaka. Yeye alisema tu kumalizia dakika zilizobaki. Sisi tukaondoka nayo.

Unabii nikapewa mimi kwa sababu ndo nilikuwa nawaandikia watu barua. Nikachukua kaunta buku lililobaki kurasa nyingi, nikaandika wiki tatu, usiku baada ya diskasheni, ukurasa mmoja mtu mmoja. Wengine walikuja wenyewe. Kuna jamaa alikuwa analala macho wazi kwenye vipindi, huyo nikamwandikia atakuwa mlinzi wa usiku wa benki na hakuna mwizi atakayethubutu maana hakuna atakayejua kama amelala au yuko macho. Kuna dada alikuwa habishani na mtu akashindwa, nikasema atakuwa wakili na hakimu ndo atakuwa anaomba mapumziko. Yule wa kuazima peni bila kurudisha atafungua kiwanda cha peni, na kila peni itatoka na jina la mmoja wetu, deni liishe. Niliandika nikicheka peke yangu, nilikuwa nawapenda wale watu jamani.

Ila kuna msichana mmoja nilimkwama. Alikaa nyuma pembeni ya dirisha miaka miwili yote, kimya kama maji ya mtungi, sauti yake naijua kwa neno moja tu, "nipo", wakati wa kuitwa majina. Nikaruka ukurasa wake nikaendelea na wengine, nikarudi, nikaruka tena, mpaka wamebaki 2 tu, yeye na mimi. Hapo ndo ikaniingia kwamba miaka miwili nimekaa darasa moja na mtu na sijawahi kumuuliza kitu chochote. Iliniuma sana.

Nikamfuata bombani jioni anafua. Nikamwambia samahani, nina swali. Akasema uliza. Nikamuuliza ukimaliza hapa unataka uje uwe nani. Akaacha kufua, akaniangalia, akasema, "Mbona unauliza leo?"

Sikuwa na jibu, na yeye wala hakulisubiri. Akanieleza taratibu kwamba mama yake aliwahi kulazwa, na wodini kulikuwa na mashine imesimama kwenye kona imefunikwa shuka, akamuuliza nesi mbona haitumiki, nesi akamwambia kuna kitu kidogo kimekatika ndani na hakuna wa kukirudishia. "Kitu kidogo," akarudia, akanionyesha ukubwa wake kwa kidole gumba na cha shahada, mapovu bado yanatiririka mkononi. "Mimi nataka niwe mtu wa hicho kitu kidogo."

Nikaenda kuandika siku hiyo hiyo. Nikasema itafika mahali mashine zikisikia viatu vyake tu kwenye korido zinawaka zenyewe.

Basi usiku ule tukaanza na wosia. Kila mtu anasimama anasoma chake kwenye kipande cha karatasi, anawaachia wa kidato cha tano. Mmoja akawaachia dirisha lisilofunga na upepo wake wote wa mwezi wa saba. Mwingine akawaachia kikohozi chake cha kumtahadharisha mwenzio kwamba mwalimu anakuja, akakikohoa pale pale ili wakisikie mara ya mwisho vizuri. Kaka mkuu akaacha njia ya mkato ya kwenda dom, akaichora ubaoni kwa chaki, eti ni siri ya serikali. Tulicheka mpaka machozi, na machozi mengine yalikuwa si ya kucheka, ila hakuna aliyemsema mwenzake.

Ikafika zamu yake. Akasimama hana karatasi, akasema hivi: "Atakayekaa kwenye meza yangu namwachia karatasi iliyo chini ya mguu wa nyuma kushoto. Asiitoe. Akiitoa itacheza." Akakaa.

Watu wakaangaliana. Mmoja akainama na tochi kumulika, na kweli, pale chini kuna karatasi imekunjwa mara tatu, imekaa sawasawa na unene wa nafasi, pembeni imeshakuwa nyeusi kwa vumbi la sakafu. Ndo tukajua kwa nini meza ile haikuwahi kupiga kelele hata siku moja, wakati zetu zote tulikuwa tunazigombeza mtihani mpaka mtihani. Darasa zima lilimpigia meza, yaani kupiga meza kwa viganja, muda mrefu, na yeye akaficha uso kwenye mikono yake akicheka. Mimi ndo mara ya kwanza kuisikia sauti ya kicheko chake.

Halafu nikasoma unabii. Sitaeleza wote, inatosha kusema kwamba nilisoma karibu saa nzima na hakuna aliyeondoka, ukimsoma mtu anasimamishwa, anapongezwa kama tayari ndo ameshakuwa. Nikamalizia na wa kwake, nikafunga kaunta buku.

Kutoka nyuma kule nikasikia, "Na wako?"

Nikasema wangu haupo, karatasi zimeisha. Akasema, "Hazijaisha. Wangu umeandika upande mmoja tu."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejaribu mara mbili nikaishia kwenye jina langu. Mzee wangu alikuwa amefariki miezi 4 nyuma, wadogo zangu walikuwa 3 bado wako shule, na mimi nikitazama mbele nilikuwa naona kutafuta kibarua tu, baada ya hapo ukungu. Ningewatabiria wenzangu wote mpaka asubuhi, ila mwenyewe nilikuwa sioni kitu. Darasani wachache sana walijua.

Sikusema, nilisimama tu pale mbele. Yeye akaja, akanichukulia kaunta buku mkononi na peni, akakaa meza ya kwanza, akageuza ukurasa wake upande wa pili, akasema haya, semeni. Wakaanza kupiga kelele za kunitabiria mimi, mmoja anasema atakuwa mtangazaji wa redio mpaka redio ikizimwa bado anasikika, mwingine atajenga nyumba yenye vyumba 38, mwingine atazeeka akiwa na meno yote, mwingine wadogo zake watamaliza shule wote. Sijui nani alisema hilo la mwisho, sauti ilitoka katikati ya kelele, na mimi hapo ndo nilishindwa, nikageukia ubao. Peni yake niliisikia inaendelea kukwaruza.

Asubuhi ilikuwa vurugu, magari, mabegi, watu wanaandikiana namba za simu mikononi, na kaunta buku likapita mkono hadi mkono likapotea. Nimelitafuta miaka. Niliwahi kusoma habari za Philipp Hainhofer, mfanyabiashara wa Augsburg, Ujerumani, alikuwa na kitabu chake cha urafiki ambacho wakubwa wa Ulaya walimwekea saini na michoro, alipofariki 1647 mwaka uliofuata Duke August, mtawala mmoja wa huko huko Ujerumani, akataka kukinunua kwa ajili ya maktaba yake akakikosa, na maktaba hiyo hiyo ya Wolfenbüttel ikaja kukipata 2020, miaka 372 imepita. Vitabu vya namna hiyo walivianza wanafunzi wa Wittenberg karne ya 16, walikuwa wakikaribia kuagana wanapelekeana na kuwapelekea walimu wao, kina Melanchthon, waandike neno. Nilivyosoma hiyo ya miaka 372 nilielewa kabisa kwa nini watu hawakuacha kukitafuta.

Mwaka juzi nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu. Siku ya pili tu ikaja picha kutoka kwa namba nisiyoijua. Karatasi moja ya kaunta buku, imechanwa vizuri kwenye mstari wa uzi, ina alama za mikunjo, nikazihesabu, imekunjwa mara tatu. Mwandiko mdogo uliosimama wima, si wangu. Kwenye mstari wa juu jina langu, chini yake redio, vyumba 38, meno yote, wadogo watamaliza wote, na mwisho kabisa kuna mstari ambao usiku ule hakuna aliyeutamka: "Atauliza mapema."

Nilianza kuandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwishowe nikapiga. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine fulani, pi, pi, pi, akasema subiri kidogo, ukakata.

"Haya," akasema, "yametimia mangapi?"

Tukaanza kuhesabu, tukianzia kwa wadogo zangu.