Mont Blanc ni fupi kuliko Kili ila usiidharau

Nyumbani wakisikia Mont Blanc, mlima wa Alps kule Ulaya, ina mita 4,800 na kitu wanasema aah, mbona Kili ni 5,895, hiyo si unaimaliza tu. Jamani hapana. Kili kwa njia za kawaida unatembea kwa miguu yako mpaka Uhuru, kamba ya nini, ila huku Mont Blanc ukishafika juu unakanyaga barafu tupu na chini yake kuna nyufa zinazommeza mtu mzima, ndo maana mnafungana kamba na kiongozi, mkononi shoka la barafu, chini ya buti vyuma vya meno.

Sisi tulipitia njia ya Goûter, upande wa Ufaransa. Treni ndogo inakushusha Nid d'Aigle, mita 2,372, kuanzia hapo ni miguu yako, tukalala Tête Rousse, kibanda cha kulala wapandaji. Juu yake ndo kuna Grand Couloir, korongo la mawe ambalo lazima ulikatize, kulivuka ni kitu cha muda mfupi sana ila mawe yanaporomoka bila taarifa. Barafu ndo inayoyashika yale mawe kama saruji, joto likizidi inaachia, na miaka hii joto limezidi kweli, Agosti 2022 mpaka vibanda vyote viwili vya njia hii vilifungwa. Kiongozi wetu alitutoa kabla hakujapambazuka, akasimama ukingoni anasikiliza tu, haongei, taa yake imeelekea juu, halafu akasema haya twende, ukianza kuvuka husimami hata kama glavu imekuvuka. Moyo ulinienda mbio kuliko kule kileleni.

Kibanda cha Goûter kipo mita 3,835. Saa nane usiku tukaanza tena, tukapita mgongo wa Dôme, kibanda cha dharura cha Vallot, halafu ule ukingo wa Bosses, mwembamba, huku shimo na huku shimo, upepo unakusukuma, unaangalia buti la aliye mbele yako basi. Kileleni ni theluji tupu, ndo maana hata urefu wake unabadilika, 2021 walipima 4,807.81, 2023 ikawa 4,805.59. Nikawawaza Balmat na Paccard, watu wa kwanza kufika kileleni, walifika hapa tarehe 8 Agosti 1786, hawana kibanda wala vyuma hivi vya meno, nawavulia kofia wale watu.

Hatukukaa sana. Kiongozi alikuwa anaangalia saa, maana lile korongo lazima ulipite tena ukishuka, na mchana ndo mawe yanachangamka.