Programu ya Windows ikigoma kwenye Mac, soma kosa kabla ya kuinstoli tena

Duka la Darajani lenye programu ya zamani ya hesabu likihamia kwenye Mac, Wine ndiyo njia nyepesi. Wine haibebi Windows nzima. Inapokea maombi ya programu na kuyageuza yaeleweke na macOS. Kwa hiyo vipande ambavyo programu ilivizoea kwenye Windows huenda ukalazimika kuvitia mwenyewe, na shida nyingi huanzia hapo.

Ikifunguka na kuzimika papo hapo, usiifute na kuiinstoli upya mara tatu. Utamaliza bando bure. Fungua Terminali, ingia kwenye folda ya programu, andika:

WINEPREFIX=~/hesabu wine hesabu.exe 2>&1 | tee kosa.txt

Hiyo ~/hesabu ni chupa, yaani folda yenye diski C: yake. Kila programu ipe chupa yake, maana kipande kinachoiponya moja huweza kuiharibu nyengine. Kwenye kosa.txt, mistari ya fixme ipite tu, hata ikiwa mia mbili. Tafuta err:module:import_dll. Mstari huo unataja kwa jina faili lililokosekana.

Ukiona MSVBVM60.DLL, programu imeandikwa kwa Visual Basic 6, na dawa yake ni winetricks, programu ndogo inayotia vipande vya Windows ndani ya chupa:

WINEPREFIX=~/hesabu winetricks vb6run

MSVCP140.dll inataka vcrun2022, na MFC42.DLL inataka mfc42. Tafadhali usichukue faili moja moja la DLL kwenye tovuti usizozijua. Mara nyingi toleo halilingani, na virusi huingia kwa mlango huo. Ikihitajika dotnet48, yaani .NET Framework 4.8 ya Microsoft, jiandae: inapakua zaidi ya MB 100 na inachukua muda mrefu. Umeme au intaneti ikikatika katikati, chupa huweza kubaki nusu nusu, kwa hiyo kwanza chukua nakala:

cp -R ~/hesabu ~/hesabu-nakala

Nakala hiyo ni muhimu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Daftari la mauzo kwa kawaida limo ndani ya drive_c. Ukifuta chupa, umefuta na hesabu za duka.

"Bad CPU type in executable" ina sababu mbili. Kwenye Mac ya M1 na zilizofuata, Rosetta, kipande cha Apple kinachoendesha programu za Mac za Intel, haijawekwa: andika softwareupdate --install-rosetta. Kwenye Mac ya Intel, Wine yenyewe ni ya zamani, ya biti 32, na macOS iliacha biti 32 tangu Catalina ya 2019. Weka Wine mpya. Maelekezo ya zamani ya kuandika WINEARCH=win32 yaache, Wine mpya kwenye Mac inayakataa.

Printa haihitaji draiva ya Windows. Ikichapa kutoka macOS, Wine itaiona.

Mizani ya karafuu au viungo inayosomwa kwa waya wa USB ina kazi zaidi. Andika ls /dev/cu.* upate jina lake, kisha:

WINEPREFIX=~/hesabu wine regedit

Nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, tengeneza ufunguo huo kama haupo, ongeza neno COM1 lenye thamani /dev/cu.usbserial- na namba yako. Funga kwa WINEPREFIX=~/hesabu wineserver -k, ufungue upya. Ikisoma takataka badala ya kilo, linganisha kasi ya mizani na ya programu: 9600 upande mmoja na 2400 upande wa pili hazisikilizani.

Programu inayodai kifunguo cha USB chenye draiva yake ndiyo isiyotibika hivi. Draiva za ndani za Windows haziingii Wine. Hiyo iachie kompyuta ya Windows.