Mradi wa 250 D: kumbukumbu za matunzo na gharama, Lubumbashi

Mradi huu una lengo moja: kulitumia gari la Mercedes-Benz 250 D la mwaka 1989 kila siku mjini Lubumbashi, kulipeleka Likasi kazi inapodai, na kuandika daftarini kila kinacholipiwa kwa ajili yake, ili ijulikane kwa ushahidi kama mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kumiliki gari la kifahari la Kijerumani kwa miaka mingi. Jibu langu hadi sasa ni ndiyo, lakini kwa sharti ambalo wauzaji wa magari hawalitaji. Gari la namna hii linapozeeka, bei yake hushuka hadi kulingana na ya gari dogo la Kijapani, na wanunuzi hudhani kwamba matunzo nayo yameshuka. Hayakushuka. Shokapu, diski za breki na vyuma vya miguu (vinavyoshika magurudumu) vilisanifiwa kwa ajili ya gari zito na la bei kubwa, na bado huuzwa hivyo hata gari lenyewe likiwa na zaidi ya miaka thelathini.

Kwa nini aina hii

Familia ya W124, kundi la magari ya Mercedes lenye 250 D ndani yake, ilitambulishwa mwishoni mwa 1984, na magari yake ya milango minne yaliendelea kuundwa hadi 1995. Nilitafuta kwa makusudi la mazuti (dizeli), lenye gia za mkono na usukani wa kushoto. Injini yake ya silinda tano haihitaji kompyuta ili iwake, kwa kuwa pampu ya nozeli, inayosukuma mazuti kwenye silinda, ni ya vyuma na chemchemi tu. Taimingi, yaani ufunguaji wa vali kwa wakati wake, inaendeshwa na cheni badala ya mkanda, na vali hazihitaji kurekebishwa nafasi. Baadhi ya injini za petroli za familia hiyohiyo, zilizotoka kati ya 1992 na 1995 hivi, zilipewa nyaya ambazo ganda lake hukauka na kupasuka kwa joto, na kuzibadilisha zote kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari. Magari ya kifahari yaliyofuata yalileta mifuko ya hewa badala ya springi, mifuko ambayo ni ya mpira na huchakaa kwa umri hata kama gari halitembezwi. Kwangu mimi, swali la kwanza kwa anayenunua gari kuukuu haliwi uzuri wa viti vyake, bali ni nani hapa mjini anayeweza kulifungua na kulifunga tena.

Kiangazi: gari lisilowaka asubuhi

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Lubumbashi huwa baridi sana, na injini ya aina hii hutegemea plagi za kupashia moto, moja kwa kila silinda. Gari lilipoanza kukataa kuwaka mapema, nilibadilisha plagi zote tano na hali haikubadilika. Karakana ya kwanza ilisema pampu ya nozeli imekufa, na ikataja bei ambayo ingetosha kununulia injini nyingine iliyotumika. Sikukubali. Nililipeleka kwa fundi mzee wa Katuba, wilaya ya hapa mjini, ambaye ameshika injini za mazuti tangu ujana wake.

Aliniuliza kama gari husumbua pia mchana. Nikamwambia hapana, likishawaka asubuhi huwaka vizuri siku nzima.

"Basi, Papa, pampu tuiache kwanza," alisema. "Mazuti yanarudi kwenye tangi usiku. Kuna mahali panaingiza hewa."

Mabomba madogo ya mazuti kwenye injini hii ni ya plastiki inayopitisha mwanga, na hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu injini ilipokuwa ikizunguka tuliona kwa macho viputo vya hewa vikipita kuelekea kwenye pampu. Plastiki ilikuwa imekuwa ngumu kama mfupa, na oringi (pete za mpira) za kwenye maungio zilikuwa bapa. Tulibadilisha mabomba yote mafupi na oringi zake, tukaliacha lilale nje usiku kucha, na asubuhi liliwaka mara moja. Gharama ya vipuri na ya mkono wa fundi kwa pamoja haikufikia bei ya kujaza tangi, ambalo hubeba lita 70. Kazi hii imenifundisha jinsi ya kusoma dalili kabla ya kulipa: ugonjwa wa asubuhi pekee huelekeza kwenye hewa au plagi, ilhali pampu iliyochoka kweli husumbua hata injini ikiwa na moto.

Tangu hapo sinunui mazuti ya makadafi, wauzaji wa mafuta kwa vidumu barabarani, hata foleni za vituoni zinapokuwa ndefu. Siwalaumu watu wanaotafuta riziki kwa vidumu, lakini vidumu hupata maji na mchanga, na plunja za pampu ya namna hii, yaani pistoni zake ndogo za kusukuma, hulainishwa na mazuti yenyewe yanayopita ndani yake. Chujio dogo la kwanza ni la plastiki angavu; nalitazama kila ninapofungua boneti, na likianza kuwa jeusi nalibadilisha bila kungoja kilomita.

Maji ya rejeta

Kuna imani mjini kwamba kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za theluji. Imani hiyo imeua injini nyingi. Silinda hedi (kichwa cha injini) ya injini hii ni ya alumini na bloku yake ni ya chuma. Maji matupu ya bomba yakikaa baina ya metali hizo mbili huleta kutu na magamba, na magamba huziba njia nyembamba za rejeta. Tena Lubumbashi iko katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambapo maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Mfuniko wa mtungi wa maji ukishindwa kushika shinikizo, nafasi iliyobaki kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka ni ndogo mno. Nachanganya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na mfuniko nimeubadilisha ingawa ulionekana mzima. Ukilinganisha na gharama ya kusawazisha hedi iliyopinda, mfuniko ni kipuri cha bei rahisi kuliko vyote katika daftari langu.

Miguu ya gari

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi zimekwenda, na nina hakika ndivyo itakavyokuwa kwa kila atakayefuata njia hii. Kila gurudumu la nyuma hushikwa na mikono mitano ya chuma, na kila mkono una bushi (vikombe vya maungio) za mpira. Usanifu huo ndio unaolifanya gari litulie barabarani kwa namna ambayo magari mengi mapya hayajaifikia, lakini mashimo ya mitaa yetu huzitafuna bushi hizo moja baada ya nyingine. Seti ya bei nafuu isiyo na jina haikumaliza msimu mmoja wa mvua. Seti ya Lemförder, kampuni ya vipuri ya Kijerumani, niliyoweka baada yake bado ni nzima.

Ubora wa mpira hautoshi peke yake. Bushi hizi hushikwa na boliti pande zote mbili na hujipinda gari linapopanda na kushuka. Kwa hiyo boliti lazima zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Nimeona mafundi wengi wakizikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishushwa, mpira unabaki umejipinda muda wote, unachanika mapema, kisha kipuri kinalaumiwa.

Vipuri vingi vya miguu naagiza Afrika Kusini, kwa kuwa W124 iliundwa pia katika kiwanda cha East London, kiwanda ambacho wafanyakazi wake walimtengenezea Nelson Mandela 500 SE nyekundu mwaka 1990. Magari ya huko yana usukani wa kulia, kwa hiyo vyuma vya usukani sivitumii, lakini miguu ya nyuma ni ileile. Mzigo hupita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kipuri kidogo kikisafiri peke yake, usafiri na ushuru huweza kuzidi bei yake, ndiyo maana tunaagiza kwa pamoja, mimi na wenye magari kama hili tunaofahamiana, mara tunapokuwa na orodha ya kutosha.

Daftari linavyosema

Miguu na matairi viko juu kabisa. Vinafuatwa na mafuta ya injini na machujio, kwa sababu namwaga mafuta kila kilomita 5,000, na chujio la hewa hujaa vumbi jekundu upesi wakati wa kiangazi, hasa nikitumia barabara zisizo na lami. Injini yenyewe iko chini kabisa. Kila mwezi naweka pembeni kiasi kilekile cha dola hata kama hakuna kilichoharibika, na akiba hiyo siigusi kwa jambo lingine. Bila hiyo, mabomba yale ya plastiki yangengoja, na kungoja huko kungeigharimu pampu.

Kazi inayofuata

Kabla ya mvua za Novemba tutapima cheni ya taimingi. Alama ya kamshafti (mhimili unaofungua vali) inalinganishwa na alama iliyo kwenye kifuniko cha bearingi yake, kisha nyuzi (digrii) zinasomwa kwenye puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini. Tofauti ikiwa kubwa, cheni imelegea. Wakati huohuo tutafungua pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa) iliyo mbele ya injini, kwa kuwa bearingi yake ikivunjika vipande vyake huweza kudondokea kwenye cheni na kuimaliza injini nzima. Pampu mpya nimeshaiagiza pamoja na gasketi yake. Cheni sitainunua hadi vipimo vitoke. Ikihitajika, mpya itaungwa kwenye ya zamani na kuvutwa kuzunguka injini polepole, bila kuifungua sehemu yote ya mbele.